Mabawabu wa Hekalu: Uaminifu wa Moyo au wa Utaratibu?

Wahubiri wengi wanapofundisha juu ya utumishi huwataja mabawabu wa hekalu la Yerusalemu kama mfano wa watu walioridhika na kazi ya chini. Fundisho hilo lina ukweli, lakini kazi yenyewe haikuwa ya chini kama inavyodhaniwa. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 9, kinawataja wakuu wanne, Shalumu, Akubu, Talmoni na Ahimani, na kueleza kwamba wakuu wa mabawabu walikabidhiwa vyumba na hazina za nyumba ya Mungu, walilala kuizunguka nyumba hiyo, na kila asubuhi walikuwa na wajibu wa kuifungua. Baadhi yao walitunza vyombo vya ibada, navyo vilihesabiwa vilipotolewa na kuhesabiwa tena viliporudishwa.

Wanaosisitiza moyo wa mtumishi wana hoja nzito, na kwangu nzito kuliko zote ni ukoo wa Kora. Kora aliasi dhidi ya Musa na Haruni kwa kuutaka ukuhani, akaangamia. Lakini Hesabu 26 inasema wanawe hawakufa, na ni katika uzao huo walikotoka mabawabu kama Shalumu. Watu hawa walisimama kwa heshima penye kizingiti ambacho babu yao asingeridhika nacho. Zaburi ya 84, iliyo ya wana wa Kora, inasema: "Ningependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wangu, kuliko kukaa katika hema za uovu." Maneno hayo, yakitoka kwa ukoo wenye historia ile, si mapambo ya ushairi. Tena malango yaligawanywa kwa kura, mdogo kwa mkubwa, hata bawabu Zekaria, aliyesifiwa kuwa mshauri mwenye busara, akapokea upande wa kaskazini kama kura ilivyomwangukia.

Hata hivyo, anayesoma sura ya 26 ya kitabu hicho cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kwa utulivu ataona jinsi uaminifu huo ulivyowekewa nguzo. Walinzi wa siku moja walipangwa 24: sita mashariki, wanne kaskazini, wanne kusini, wawili wawili penye ghala, na sita magharibi. Ndugu zao waliokaa vijijini waliingia kwa zamu ya siku saba, kwa hiyo hakuna aliyetakiwa kukesha mwaka mzima ili kuthibitisha upendo wake kwa Mungu. Nako kuhesabu vyombo hakukuwa tusi kwa mtu mwaminifu. Kulimkinga na majaribu, kukamkinga pia na masingizio.

Nehemia 13 ndiyo inayonifanya niegemee upande huu wa utaratibu zaidi kuliko mahubiri yaliyozoeleka. Kuhani Eliashibu alimpa Tobia, Mwamoni aliyekuwa mpinzani wa Nehemia, chumba kikubwa, kile kile kilichokuwa kikiwekwa zaka za Walawi, waimbaji na mabawabu. Walawi hawakupewa sehemu zao, nao pamoja na waimbaji wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia, liwali wa Yuda, aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme, hakuwahutubia waliokimbia juu ya kujitoa. Aligombana na viongozi, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa.

Lakini lazima tukiri kwamba Eliashibu naye alikuwa ndani ya utaratibu huo huo, akiwa na dhamana ya vyumba, na utaratibu haukumzuia. Kwa sababu hiyo Nehemia hakuishia kurudisha zaka ghalani, bali aliweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu ili wawagawie ndugu zao. Amri yake kwa Walawi, kwamba wajitakase na kuja kuyalinda malango siku ya sabato, inasimuliwa baada ya hayo, watu walipokwisha kurudishwa mahali pao na riziki yao kupata msimamizi.