Huyu Jaribio Ni wa Idara Gani?

Kwanza niweke sawa: kile kikao cha ofisini sikulia, kama mnavyoambiwa. Huyo aliyewarushia stori kwenye grupu jana usiku hata kwenye chumba cha kikao hakuwemo, kasimuliwa na mlinzi. Macho yalikuwa yananiwasha tu. AC yetu ina vumbi.

Ile Jumatatu barua pepe za ofisi zilianza kurudi moja baada ya nyingine, 550, 550, yaani zimekataliwa. Nikaangalia: IP (namba ya anwani) ya seva yetu imo kwenye orodha ya Spamhaus, wale wanaoorodhesha watumaji wa barua taka, jibu 127.0.0.3, yaani kapu lao la CSS, la seva zinazoshukiwa kumwaga taka. Mimi fundi nikajaza fomu ya kuomba tutolewe. Hailipiwi hata senti. Tukatoka. Jioni tumo tena. Nikaomba tena. Jumanne asubuhi tumo. (Wenzangu wa seva, chekeni taratibu. Najua nilikuwa napiga deki huku bomba linamwaga.)

Badala ya kutafuta bomba, nikatafuta mchawi. Nikampata: Mama Uhasibu, ambaye paswedi yake kaiandika kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye kioo cha kompyuta. Nikamwomba bosi aitishe kikao. Watu kumi na mmoja, projekta, mhadhara wa dakika ishirini kuhusu paswedi, na kila nikitamka "uzembe" jicho langu linatua kwa Mama. Yeye anakunywa chai yake, kimya.

Nikamalizia kwa mbwembwe: "Logi haina upendeleo." Nikaifungua hapo hapo, hiyo kumbukumbu ya seva ya nani katuma nini, nikachuja sasl_username, yaani jina la akaunti iliyotuma kila barua.

Ukutani, herufi kubwa kama bango la kampeni: jaribio. Mstari wa chini yake: jaribio. Nikashusha. Jaribio. Nikashusha mbiombio, labda atakwisha. Jaribio, jaribio, jaribio, sekunde ileile barua kumi. Kiganja kimelowa, mausi inateleza. Hakuna aliyekohoa. Bosi akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasogeza shingo mbele.

"Huyu Jaribio ni wa idara gani?"

Mama Uhasibu akaweka kikombe kwenye kisahani. Ule mlio, kli, bado ninao masikioni.

"Mwanangu, si ile akaunti uliyoifungua 2022 ukinifundisha kutuma viambatisho? Ukasema paswedi nisiiandike popote, ni rahisi, jaribio123."

Wadau, kuna kimya cha msibani, halafu kuna kile.

Mengine mafupi. Nimeifuta akaunti, nimemwaga barua elfu thelathini na kitu zilizokuwa kwenye foleni, nimeweka kikomo cha kutuma kwa saa, nimeomba kwa mara ya nne, tumetoka na hadi sasa hatujarudi. Mama nimemwomba radhi, kanijibu "yameisha, baba," kwa sauti ya mtu ambaye hayajaisha.

Maana leo asubuhi ratiba ya chai imebandikwa upya, mwandiko ni wake. Zamu ya Ijumaa: Jaribio, idara haijulikani.