Mwivi wa Mkomani

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, anayejua nani kasafiri na nani yupo ni kijana wa punda. Gari haziingii mji wa kale, na vichochoro vyenyewe punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Kwa hivyo maji, saruji, gesi, magunia ya mchele, vyote hufika mlangoni kwa punda au kwa mkokoteni. Anayeleta hujua nyumba ipi imepunguza maji kwa kuwa wageni wameondoka, na ipi inanunua mchele wa biriani ilhali mwenyewe analia hana pesa.

Basi mzee wetu wa Nyumba Kumi, ule mpango wa serikali wa tangu 2013 wa kila mtu amjue jirani yake, akaona mbali. Mtaani kwetu Mkomani nyumba kadhaa zina kufuli: wengine wako Mombasa, wengine Uarabuni, wengine Wazungu wanaokuja kuota jua na kurudi kwao. Akawaita vijana wa maji na wa gesi barazani, akawaambia, "Nyinyi ndio macho ya mtaa. Nyumba haina mtu nawe ukakuta mlango hauna kufuli, tia kufuli, kisha nipigie." Mimi nilikuwepo, nikapiga makofi. Wazo zuri, na mpaka leo nasema ni zuri.

Haukupita muda mke wangu akaenda Mombasa na watoto, harusi ya mdogo wake. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini Mokowe, ng'ambo ya maji upande wa bara, nikabaki nyuma nimfuate baadaye. Kabla ya kuondoka akamwambia kijana wa maji, "Twasafiri. Maji usilete, na nyumba uitazame." Hakusema nani yumo na nani hayumo kwenye hiyo safari. Kwa kijana, nyumba ikawa tupu.

Alfajiri ya safari yangu niko bafuni, najimwagia maji ya birika, lile tangi la bafuni, kata yagonga ukuta, sabuni imejaa kichwani. Nikasikia mnyororo wa mlango wa nje unaburutwa. Halafu, ka!

"Nani huyo?" nikapaza sauti.

"Lo! Tena aniuliza nani!" Sauti ya kijana. "Mwivi, kaa papo hapo!"

"Mwivi gani? Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba kasafiri. Mkewe mwenyewe ndiye aliyeniambia."

Hizi nyumba zetu za mawe, wazee walizijenga kwa stara. Kuta nene, mwanga waingilia kiwandani, ule ua wa ndani, na upande wa njia hakuna dirisha la mtu kutoa kichwa. UNESCO waliupa mji huu heshima ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sina ugomvi nao, lakini asubuhi ile ningebadilisha urithi wote kwa dirisha moja la kutolea uso. Sauti yangu ilitoka, sura ikabaki ndani. Na kijana hakuwahi kuniona uso: nikitoka kwenda kazini hajaleta maji, nikirudi keshapita. Mke nikampigia, simu yalia tu. Asubuhi ya harusi nani atasikia simu?

Watu wakawa wanatoka msikitini. Nikasikia makubadhi yanasimama mbele ya daka langu, ule ukumbi wa mlangoni, jozi baada ya jozi.

"Sauti kama yake," mmoja akasema.

"Angekuwa yeye tungemwona kwenye sala."

"Huyo hata asiposafiri kwenye sala ya alfajiri hatumwoni."

Hili nalisema liandikwe: hakuna aliyenitetea.

Kijana akaona afanye uchunguzi wa haki. "Haya, wewe uliye ndani. Nyumba hii yaingiza madumu mangapi kwa juma?"

"Sita!"

Kicheko. "Kumi na mawili. Mtungi wenu wa gesi rangi gani?"

Mtungi uko jikoni na mimi niko ukumbini. Sikutaka kukimbia, wangesema mwivi anatafuta pa kutorokea. "Buluu!"

"Manjano! Mwivi huyu, wallahi. Nyumba hii tangu nianze kuiletea gesi ni manjano."

Bi Mkubwa wa nyumba ya pili naye akatia lake kutoka kwenye wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro: "Muulize mkate hununua kwa nani!" Sikujua. Nilikula mkate ule kila asubuhi, na sikujua.

"Basi swali la mwisho," kijana akasema. "Nyumba hii nina deni langu. Kiasi gani?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Deni gani? Deni, deni, kila siku deni! Njoo kesho!"

Kimya kidogo nje. Kisha kijana akapiga ukelele:

"Ndiye! Ami, ni wewe kweli! Ndiyo sauti hii hii! Kila nikija kudai, hutoka huko juu, 'Mwambieni aje kesho!' Jamani, si mwivi, ni mwenye nyumba!"

Njia nzima ikaangua kicheko, na punda naye akalia.

Kufungua nako kukawa kazi nyingine. Ufunguo kijana alishautuma kwa mzee wa Nyumba Kumi, na mzee alikuwa mtaa wa pili, Langoni, anakunywa kahawa na hana haraka. Nikingoja, kijana akanisomea hesabu yake kupitia ufa wa mlango, mbele ya watu wote, nami nikamtumia kwa simu shilingi baada ya shilingi. Kufuli nayo akaitia humo. Ni mpya, alinunua kwa pesa yake, na ilikuwa ya kulinda nyumba yangu.

Mashua ya Mokowe ilishang'oa, na basi halikuningoja. Nikafika Mombasa siku ya pili yake, wanaume wako kwenye sinia ya biriani. Shemeji yangu akasogea kunipisha, akanimiminia maji ya kunawa mikono, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Shemeji, gesi yenu rangi gani?"