Unakaa komini gani?

Ukienda kuposa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo (DRC), jina lako litaulizwa kwanza, kisha swali la pili: "Unaikalaka wapi?" Ukijibu Golf, mtaa wa wenye pesa, papa wa binti anaegemea kiti. Ukijibu Katuba au Kenya (komini, yaani sehemu ya mji, ya hapa, si nchi), maswali yanaongezeka. Vijana wanasema huo ni ubaguzi mtupu. Wazee wanasema ni busara. Kila upande una hoja, ingawa hazina uzito sawa.

Wazee wanajua mji wao. Tangu mwaka 1910 ulipoanzishwa, watu hawakuachwa wajipange. Wazungu walikaa mjini, Waafrika wakawekwa kwenye cité (mitaa yao ya kando), na kati yao Wabelgiji wakaacha ukanda mtupu, kisingizio kikiwa malaria. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba, nayo ikajenga kambi za wafanyakazi wake: nyumba, posho ya chakula, shule, hospitali, hata mafunzo ya mapishi na ushonaji kwa akina mama. Mtu aliyekulia humo alitoka na mwenendo wake, na mzee yeyote wa kambi atakusimulia hayo mpaka uchoke. Kwa hiyo kusema mtaa haumlei mtu ni kujidanganya.

Lakini sifa ya mtaa haibadiliki mtaa unapobadilika. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka, na wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, Benki ya Dunia ikiugharamia. Neno "hiari" hapo naliachia msomaji. Akina mama waliozoea posho wakaanza kuuza unga na makaa mbele ya nyumba. Hata hivyo "mtoto wa Gécamines" aliendelea kupokewa kama mtu wa nyumba yenye mshahara, huku mfanyabiashara wa Katuba, mwenye pesa zake na watoto chuoni, akihesabiwa mtu wa cité tu. Hapo busara ya wazee inapitwa na wakati: wanamsoma kijana wa leo kwa orodha ya mishahara ya zamani.

Dereva wa teksi anayekataa kuingia mtaa fulani usiku simlaumu. Anaihukumu barabara: mashimo, giza, na njia ya kurudia bila abiria. Mwajiri anayeweka kando barua ya kazi kwa sababu ya anwani hana udhuru huo. Kama anahofia uchelewaji, amuulize mwombaji anafikaje mjini asubuhi. Jibu atalipata palepale.

Vijana wanaolalamika nao wana lao. Kamalondo ni komini ndogo na kongwe, na tangu mwaka 2011 ina uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe. Mwenyeji wake atakuambia bila aibu kwamba watu wa kwao wanajua mpira, wanajua kuvaa, na hawaogopi mtu. Hiyo nayo ni hukumu ya mtaa, ila imemwendea vizuri. Timu ikishinda, sijasikia kijana wa Kamalondo akidai asifiwe yeye peke yake, mtaa uachwe kando.