Kipima mwanga cha kamera kinalaumiwa kuliko kinavyostahili

Wapiga picha wengi za sura wanakidharau kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera. Anayetaka kazi ya uhakika, wanasema, anunue cha kushika mkononi. Hoja yao ina msingi. Cha mkononi, chenye kikuba cheupe kama nusu ya mpira wa meza, huwekwa karibu na uso wa anayepigwa na kupima mwanga unaomwangukia, awe na ngozi gani, avae nguo gani. Cha kamera hupima mwanga uliokwisha kumgonga na kurudi, na hukichukulia chochote kilicho mbele yake kuwa cha kijivu cha kati, kile kinachotajwa kwa kawaida kuwa huakisi asilimia 18 ya mwanga.

Matokeo yake tunayajua. Bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe, ukiiacha kamera ipime fremu nzima, weupe unaifanya ipunguze mwanga. Shela linatoka la kijivu, uso unazama. Ukija kuunyanyua kwenye kompyuta, kivuli chini ya macho na pembeni mwa pua kinajaa chenga. Mvalishe suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kwa mwanga uleule wa dirisha, na sasa paji la uso linaungua kwa weupe.

Ila hapo kamera imejibu ilichoulizwa. Ibadilishe ipime kwa nukta, ambayo katika kamera nyingi ni kama asilimia 1 hadi 5 ya fremu, ilenge kwenye shavu lililoelekea dirishani, na shela linatoka kwenye hesabu. Linabaki swali moja tu: shavu hili liwe na giza au weupe kiasi gani kuliko kijivu?

Swali hilo ndilo ninalolithamini. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams, katika mfumo wake wa kanda, yaani ngazi za mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe, aliiweka ngozi ya Mzungu kwenye kanda ya 6, yaani stopu moja (mwanga mara mbili) juu ya kijivu. Kanuni ya "pima uso, ongeza moja" imejengwa juu ya ngozi hiyo. Ukiileta kwa mtu mweusi unampausha, na ule mng'ao wa shavu uliokuwa uzuri wa picha unapotea. Kwa maji ya kunde mara nyingi naanzia sifuri, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa ngozi nyeusi tii nashusha stopu moja, pengine moja na nusu, kisha natazama histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza na mwanga wa picha. Kipima cha mkononi hakikulazimishi uutazame uso wa mtu. Kinakupa namba sahihi ya mwanga, lakini ngozi nyeusi sana inaweza kuangukia chini kiasi cha kuhitaji mwanga wa nusu stopu zaidi ya namba hiyo, na hilo bado utaliamua kwa jicho lako.

Kwenye flashi za studio nakubali bila ubishi. Kwa kawaida mlipuko wake huja shata, yaani kilango cha kamera, ikiwa wazi, wakati kamera imekwisha kupima mwanga wa chumba tu. Anayetaka taa kuu na ya kujazia zikae kwenye uwiano wa 4 kwa 1, leo na wiki ijayo, kipima cha mkononi chenye uwezo wa kusoma flashi kitamrudishia pesa yake. Anayetegemea dirisha au taa za LED zinazowaka mfululizo, pesa hiyo ingemfaa zaidi akinunua kitambaa kizuri cha kulainisha mwanga na ubao mweupe wa kuakisi.