Tuuzieni Nyimbo, Msitukodishe

Nimekasirika, na kilichonikasirisha ni kiredio kidogo cha memori kadi. Nilimnunulia shangazi yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Amu (Lamu), mama ambaye simu ya kugusa haitaki na wala hana haja nayo. Anachotaka ni kitu cha kuweka kando yake anaposhona kofia, abonyeze kitufe kimoja, Zein l'Abdin, gwiji wetu wa taarabu, aanze kupiga udi. Basi. Nikalipia mwezi mmoja wa programu ya muziki, nikapakua nyimbo zote alizonitajia, nikazihamishia kwenye kadi. Kiredio hakikusoma hata moja. Kumbe nyimbo hizo hata ukizipakua huwa zimefungwa. Zinachezwa ndani ya programu ileile tu, na mwezi ukiisha usipolipa tena, zote zinanyamaza.

Huko si kununua. Nimetoa pesa zangu halali na sina kitu mkononi. Kanda ya kaseti ukiinunua ilikuwa yako: utaisikiliza, utamwazima jirani, utamrithisha mwanao. Hata hao wazungu walipoanza kuuza nyimbo kwa intaneti waliliona hili. Duka la iTunes la kampuni ya Apple lilifunguliwa mwaka 2003, wimbo mmoja senti 99 za dola, kwanza ukiwa na kufuli; kufikia 2009 kufuli zikaondolewa na faili likawa la mnunuzi. Kisha biashara ikageuka, kampuni nyingi zikawa zinakodisha kwa mwezi. Sisi wa pwani tumerukishwa hatua nzima. Hatukuwahi kupata duka la kutuuzia taarabu yetu wimbo kwa wimbo, kwa bei ya mtu wa kawaida, na sasa tunaambiwa zama za kununua zimepita.

Zimepita kwa nani? Fundi wa majahazi pale Matondoni huchonga mbao mchana kutwa mikono ikiwa na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo. Hawezi kushika simu ya kioo. Mvuvi akishatoka nje ya mkondo mtandao humkatikia. Bando nalo ni pesa, na wimbo wa taarabu si wa dakika tatu. Watu hawa wana viredio na MP3 ndogo za bei nafuu, wanazitumia kila siku, na hakuna anayewafikiria.

Isipokuwa vijana wa kujaza kadi. Kila mtu wa Amu anajua vibanda vyao. Unatoa kadi, unataja waimbaji, unalipa kidogo, unaondoka na folda imeandikwa "Taarab Mix". Shangazi aliniambia nimpeleke huko, nikampeleka. Tukafika nyumbani, tukawasha. Wimbo wa kwanza ulikatika kabla ya beti la mwisho. Wa pili uliitwa "Track 07", na sauti ilikuwa imebanwa hata udi ukasikika kana kwamba unapigwa ndani ya mtungi. Shangazi akasikiliza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hapa hamna nyuzi." Alisema kweli. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika kumi ni megabaiti kumi hivi, na kadi ya gigabaiti 4 inabeba karibu nyimbo 400 za namna hiyo. Nafasi ipo tele! Hakuna sababu ya kuzibana nyimbo mpaka zife. (Na mkinunua kadi, chukueni isiyozidi gigabaiti 32. Zile kubwa zaidi huja na mpangilio wa mafaili uitwao exFAT, ambao viredio vingi vya bei rahisi havisomi.)

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba vijana hao wamehifadhi mengi. Kaseti za Mombasa zilizorekodiwa harusini na madukani, ambazo hakuna taasisi iliyozikusanya ipasavyo, wao ndio waliozitia kwenye kompyuta. Lakini shilingi wanayolipwa haimfikii mwimbaji, wala mshairi aliyetunga, wala mjane wa mpiga fidla. Sheria ya Kenya ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Maana yake familia nyingi za watunzi wetu bado zina haki zao, na kila siku zinadhulumiwa hadharani nasi wasikilizaji tukishiriki, kwa kuwa hatukuwekewa mlango mwingine wa kupitia.

Mlango wenyewe hauhitaji miujiza. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, imekuwepo tangu 2008: msanii anapanga bei mwenyewe, mnunuzi anapakua faili lake, hakuna kufuli. Anayeweza kutumia M-Pesa GlobalPay, kadi ya malipo ya mtandaoni inayotumia pesa za M-Pesa, analipa bila akaunti ya benki. Hata hivyo bei huwa za kigeni, hatua ni nyingi, na taarabu ya kwetu ni haba mno humo. Shangazi hatafika huko. Mvuvi hatafika.

Nasema na familia zenye kanda hizo, walioko Amu, Malindi na Mombasa, na watu wa vikundi vya taarabu vinavyopiga hadi leo. Kanda zinaharibika. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma, na ukanda ukishaota ukungu hakuna fundi atakayeurudisha ulivyokuwa. Zirekodini kwa utulivu, faili zima, beti zote, jina la mwimbaji na la mtunzi yakiwa yameandikwa sawasawa. Kisha wekeni bei ya shilingi 20 kwa wimbo, malipo kwa M-Pesa, faili liwe la mnunuzi. Vijana wa vibanda wafanyeni mawakala: kompyuta wanazo, wateja wanao, nao wapate chao kwa kila wimbo waliouza. Biashara ya soda huenda hivyohivyo na hakuna anayelalamika.

Atakayeanza, hata akiwa na nyimbo kumi tu, aniandikie. Nitalipa siku hiyohiyo, na nitapeleka jina la kibanda chake kila baraza ninaloketi, kuanzia Mkomani mpaka Shela.