Ufilipino: uhuru wa Juni 12 au wa Julai 4?

Wafilipino husherehekea uhuru Juni 12, ingawa Marekani ilishusha bendera yake Manila Julai 4, 1946, na kwa miaka kumi na mitano sikukuu ilikuwa hiyo ya Julai. Rais Diosdado Macapagal aliihamisha Mei 1962, siku chache baada ya Baraza la Wawakilishi la Marekani kuukataa mswada wa kuwalipa Wafilipino dola milioni 73 za fidia ya Vita vya Pili vya Dunia. Uzalendo ulikuwamo katika uamuzi ule, na hasira nayo ilikuwamo.

Hoja ya wanaoshikilia Juni ina uzito. Siku hiyo mwaka 1898, Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru kutoka Hispania nyumbani kwake Kawit, mkoani Cavite, bila kumwomba mtu ruhusa. Tena Julai 4 ni sikukuu ya Marekani yenyewe. Nani anataka kusherehekea kuzaliwa kwake siku ya bwana wake wa jana?

Ila hati ya Kawit ina doa ambalo hotuba za sikukuu hulipita kimya: iliuweka uhuru huo chini ya ulinzi wa Marekani. Apolinario Mabini, mshauri wa Aguinaldo, aliliona mapema na akalipinga. Desemba 10 mwaka huohuo, Hispania iliikabidhi Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20. Felipe Agoncillo, mjumbe wa Aguinaldo, alikwenda hadi Paris, ambako mkataba huo ulijadiliwa, na hakuruhusiwa kuketi mezani. Vita kati ya Wafilipino na Wamarekani vikazuka Februari 1899, na Machi 1901 Aguinaldo akakamatwa.

Watetezi wa Julai 4 hujibu kwamba uhuru usiotambuliwa na yeyote ni tamko tu. Ni kweli, lakini utambuzi wa 1946 ulikuja na bei. Sheria ya Bell, sheria ya Marekani kuhusu biashara na Ufilipino, iliifunga peso, sarafu ya Ufilipino, mbili kwa dola moja, na Manila haikuweza kubadili kiwango hicho bila ridhaa ya rais wa Marekani. Bidhaa za Marekani ziliingia bila ushuru kwa miaka minane, na Wamarekani walipewa haki sawa na wenyeji ya kuchimba madini, kukata magogo na kumiliki huduma za umma. Haki hiyo ilipingana na katiba ya 1935, hivyo katiba ikabidi irekebishwe kwa robo tatu ya kura za bunge. Kura zilitosha baada ya baadhi ya wapinzani waliochaguliwa kunyimwa viti vyao. Wananchi waliikubali kwenye kura ya maoni ya Machi 11, 1947, wakijua kwamba malipo ya Marekani ya hasara za vita yanayozidi dola 500 yangezuiliwa wakikataa. Siku tatu baadaye ukasainiwa mkataba wa kambi za kijeshi za Marekani, wa miaka 99.

Manuel Roxas, rais wa Ufilipino aliyeyakubali masharti hayo, asihukumiwe kirahisi. Manila ilikuwa vifusi, hazina tupu, na sukari ilikuwa na soko moja tu la maana. Lakini matokeo hayakukawia: viwanda vya nyumbani vilizidiwa na bidhaa zisizotozwa ushuru, dola zikatoka kwa wingi, na kufikia 1949 serikali ililazimika kudhibiti fedha za kigeni.

Kwa maoni yangu, tarehe inayobeba uhuru kuliko zote mbili haina sikukuu. Septemba 16, 1991, Seneti ilikataa kwa kura 12 dhidi ya 11 kurefusha mkataba wa kambi ya Subic, ya jeshi la majini la Marekani. Wafilipino wengi walipoteza ajira, na mwaka 1995 ikagundulika kwamba China imejenga kwenye mwamba wa Mischief, ambao Ufilipino inaudai katika Bahari ya China Kusini. Waliotaka kambi zibaki wanasema hayo hayakusadifu tu. Hata hivyo, mwaka 1991 walioamua ni Wafilipino, na gharama waliibeba wenyewe.

Majeshi ya Marekani yamerudi kwa makubaliano ya 2014, na maeneo waliyopewa yaliongezwa kutoka matano hadi tisa mwaka 2023. Katiba ya 1987 inataka kambi za kigeni ziidhinishwe na Seneti. Serikali iliyaita makubaliano hayo ya kiutendaji, yaani ya serikali pekee yasiyohitaji kura ya Seneti, ikaikwepa Seneti, na Mahakama ya Juu ikayahalalisha mwaka 2016.