Jiwe likichomwa, hewa yake iende wapi?

Utotoni, kusini mwa Unguja, niliwaona wazee wakichoma chokaa. Walipanga magogo duara, wakajaza mawe ya matumbawe juu yake, moto ukawaka usiku kucha. Mawe yalipopoa sisi watoto tuliitwa kuyabeba. Jiwe lililonielemea juzi sasa nililinyanyua kwa mkono mmoja. Nilidhani limekauka maji tu. Baadaye, darasani, ndipo nikaelewa: kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikiungua sawasawa hubaki kilo 56. Zile 44 zimepaa, nazo ni hewa ukaa.

Kwa hiyo nikiwasikia watu wakisema kunasa hewa ukaa na kuizika ardhini ni ujanja wa makampuni ya mafuta, nakubaliana nao nusu. Kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe sioni haja. Fedha hizo zijenge umeme wa jua, upepo au maji. Lakini kiwanda cha saruji ni tanuri la chokaa lilelile, kubwa zaidi. Hata ukikiwasha kwa umeme wa jua, jiwe litatoa hewa yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe lenyewe.

Norwei wamefika kwenye saruji kwa kuzunguka. Walianza na kodi ya kaboni mwaka 1991. Kufikia 1996, kwenye eneo la gesi la Sleipner, baharini, hewa ukaa inayotoka pamoja na gesi ikaanza kurudishwa chini ya bahari, kama tani milioni moja kwa mwaka. Kodi ndiyo iliyofanya kuizika kuwe nafuu kuliko kuiachia. Mwaka 2007 waziri mkuu Jens Stoltenberg akaahidi kunasa moshi wa mtambo wa gesi wa Mongstad, akaulinganisha mradi huo na safari ya mwezini. Mwaka 2013 ukafutwa.

Ndipo wakageukia saruji. Mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye kiwanda cha saruji cha Brevik ulizinduliwa Juni 2025, unase tani 400,000 kwa mwaka, nusu ya hewa ukaa ya kiwanda hicho. Ni nusu kwa sababu kemikali inayonasa hewa hiyo huhitaji joto ili iiachie tena, na joto linalopotea kiwandani linatosha nusu hiyo tu. Hewa hugeuzwa kimiminika, husafirishwa kwa meli hadi karibu na Bergen, kisha kwa bomba hadi mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Serikali inabeba kama theluthi mbili ya gharama za mradi mzima.

Kinachoniuma ni kwamba Norwei hiyohiyo inaendelea kuuza mafuta na gesi, na moshi wake unahesabiwa kwa mnunuzi.

Sisi Afrika Mashariki tuna viwanda vya saruji vya Tanga, Wazo Hill na Athi River. La kwanza tupunguze klinka, yaani lile jiwe lililochomwa linalosagwa kuwa saruji, kwa kuchanganya majivu ya volkano, ambayo tunayo na baadhi ya viwanda vinayatumia tayari. Kisha mipango yetu ya tabianchi iweke kunasa hewa ukaa kwenye viwanda vya saruji, si kwenye mitambo ya gesi. Na mfadhili akija na mradi wa kuzika moshi wa umeme, aulizwe kwa nini fedha hizo zisianzie kwenye matanuri ya Wazo Hill.